Mkwe Wangu Ana Choyo

Nina saiba ya kompyuta nne pale Kondele, Kisumu. Ubao wa nje unasema tunapiga chapa, tunatoa nakala, tunalamineti, tunajaza fomu za serikali "na mengineyo". Hayo mengineyo ndiyo yaliyoniponza.

Mjomba alikuja Jumatatu moja asubuhi amebana kwapani bahasha kubwa ya kaki. Huyu ni mwalimu wa Kiswahili aliyestaafu, mtu ambaye ukimwandikia ujumbe wa simu anakurudishia ujumbe wako umesahihishwa, halafu ndipo anajibu. Ndani ya bahasha mlikuwa na diwani yake: kurasa 112 alizozipiga mwenyewe miaka ya themanini kwa taipureta isiyo hata na tarakimu ya moja. Wanaozikumbuka mashine zile wanajua. Ukitaka moja unapiga herufi l ndogo, kwa hiyo mwaka 1988 kwenye karatasi za Mjomba ni l988, na ukimwambia ni kosa anakuambia ni historia.

"Mpwa wangu," akasema, "Kukhu anatimiza miaka tisini mwezi ujao. Nataka siku hiyo kila mtu wa ukoo awe na diwani hii kwenye simu yake. Na lile shairi nililomtungia lisomwe mbele ya watu."

Kukhu ni mama mkwe wake, anaishi Mumias. Sote tunamwita hivyo, hata sisi tusio wajukuu zake wa damu.

"Kazi ya siku mbili, Mjomba."

Fundi ni fundi. Sijawahi kumsikia hata mmoja akisema wiki tatu.

Niliskani kurasa zote kwa nukta 300 kwa inchi, nikazifunga kwenye PDF moja, nikaituma kwenye kundi la WhatsApp la familia. Kama ningeishia hapo, nisingekuwa na kisa cha kusimulia. Picha ya ukurasa haipotezi kitu: nafasi zilibaki, maneno aliyoyapigia mstari yalibaki, hata duara la kikombe cha chai la ukurasa wa 17 lilikuwa pale pale. Lakini shangazi wa Nakuru alilalamika kuwa herufi ni sisimizi. Akizikuza, ukurasa unatoka nje ya skrini na inambidi ausukume kushoto na kulia kama anayefagia ua. Binamu aliyeko Marekani akataka faili ya kisomaji chake, maandishi yajipange yenyewe. Mwingine akauliza nani atamrudishia bando lake.

PDF haina kosa hapo. Tangu Adobe waitoe mwaka 1993, kazi yake ni kuhakikisha ukurasa unaonekana vilevile popote unapofunguliwa. Inajua herufi hii ikae hapa na ile pale. Aya ni nini, ubeti ni nini, haijui wala haiulizi. Nilichohitaji ni EPUB, ambayo ndani yake ni kurasa kama za tovuti zilizofungwa pamoja. Ukiibadilisha mkia wa jina kuwa .zip inafunguka kama gunia. Ila ili kufika huko lazima kwanza kompyuta isome zile picha na kuzigeuza kuwa maandishi.

Basi nikaiambia isome. Nikasahau kuiambia inasoma Kiswahili.

Ilisoma kama mzungu wa siku ya kwanza mjini. Kila ilipokuta m iliyofifia iliandika r na n, kwa hiyo mama akawa "rnarna" na Mumias ikawa "Murnias". Nikaona hilo dogo: Kiswahili hakina r na n zilizobanana, nitaamuru kila "rn" igeuke m, mara moja, kitabu kizima. Nikabonyeza. Kompyuta ikanijulisha kwa adabu kwamba imebadilisha mahali mia kadhaa. Nikajipongeza kwa soda. Mjomba ndiye aliyegundua kwamba shairi lake la safari ya milimani sasa linaanzia Eldoret na kuishia Kabamet.

"Kabamet ni wapi?"

"Kabarnet, Mjomba."

"Nimefundisha Kabarnet miaka minne. Hakuna aliyewahi kuniambia imehama."

Halafu kulikuwa na vile vijidudu vya ziwani. Msimu wake ukifika, ukiwasha taa jioni vinaingia kama moshi, na asubuhi unavifagia kwa beleshi. Kimoja kilijifia juu ya kioo cha skana, mimi sikukiona, na kwenye kurasa thelathini na nane mfululizo kikasomwa kuwa nukta, mahali palepale, katikati ya mshororo wa sita. "Nani huyu ananikata pumzi?" akauliza Mjomba. Nikamwonyesha marehemu. Akamtazama kwa muda mrefu kupitia miwani, kama anayemsahihisha.

Ritifaa, ile alama ya juu kwenye ng', ndizo zilizonitoa jasho. Kompyuta ilizipinda zote ili zipendeze, halafu programu nyingine ikazifungua kwa mfumo tofauti wa kuhifadhi herufi, na ng'ombe wote wa kitabu wakawa ngâ€™ombe. Mjomba alinipigia simu saa nne usiku. Hakusalimia.

"Ng'ombe wangu amebandikwa alama ya yuro."

"Nitaiondoa, Mjomba."

"Na pembeni ana alama ya biashara. Ng'ombe wa ukurasa wa 60 ni wa baba yangu, hakusajiliwa popote."

Siku mbili zilishakuwa siku kumi na tisa. Nikarekebisha ng'ombe mmoja mmoja, nikairudisha Kabarnet mahali pake. Yale maneno aliyoyapigia mstari yalikuwa yamepoteza mistari yake yote, nikanyamaza. Nikahakiki kurasa kumi za mwanzo, neno kwa neno: safi. Ukwapi, yaani nusu ya kwanza ya mshororo, upande wake, koma, utao, nusu ya pili, upande wake, mizani (silabi) nane kwa nane, mishororo minne kila ubeti. Kama kumi za mwanzo ni safi, nikawaza, mia zilizobaki zitakuwa na sababu gani ya kuharibika?

Kuna jambo moja niliona na sikulijali. Nilipokuwa nikiskani ukurasa wa 43, wenye shairi la Kukhu, niliona maneno ya upande wa kushoto ni meusi ti na ya kulia ni ya kijivu, kama mtu aliyebadilisha utepe wa mashine katikati ya kazi. Wakati huo kulikuwa na mama anasubiri nimlaminetie cheti cha kuzaliwa cha mtoto, na stima ilikuwa inarukaruka. Nikageuza ukurasa.

Siku ya siku tukapanda matatu alfajiri, tukapita Kiboswa, Majengo, Chavakali, Kakamega, tukaingia Mumias jua limeshachoma. Hema mbili, viti vya plastiki, spika iliyokuwa inakoroma. Harufu ya pilau na ya kuku. Kukhu alikaa mbele kwenye kiti cha mbao chenye mito, amejitanda leso mpya, bakora mapajani. Shehe alikuwepo, wakwe walikuwepo, na mashemeji wa Mjomba walikuwa wamejipanga mstari wa pili, wanaume watano wapana ambao hata wakicheka hawaonyeshi meno.

Lazima nieleze kitu kwa wasio wa huku. Kwa Waluhya mtu na mama mkwe wake hawazoeani. Wapo ambao hata mkono hawapeani. Humtaji ovyo, hukai naye meza moja ukala, na utani ni mwiko. Kwa hiyo mtu kumtungia mama mkwe wake shairi likasomwa kwa kipaza sauti, hata la sifa, ni kutembea juu ya ukuta.

Kitinda mimba wa Mjomba, binti wa kidato cha pili mwenye sauti ya kengele, alisimama na simu yake. Alikuwa na faili yangu. Akaanza:

*Mkwe wangu ana choyo,*
*Ni mkali hana moyo,*
*Wageni huwapa mbiyo,*
*Nakimbia zake nyayo.*

Nitakuambia kilichonitisha. Lilisikika vizuri. Mizani nane kila mshororo, kina kimoja kutoka juu mpaka chini. Lilikuwa utenzi uliosimama wima. Kama lingesikika kombo, watu wangejua mashine imekosea. Halikuwa kombo. Msichana mwenyewe aliinua macho kidogo, akamtazama baba yake, akaona amekodoa tu, akadhani ni kwa furaha. Akaendelea, kwa hisia, kama alivyofundishwa shuleni:

*Kuku hachinji nyumbani,*
*Sirudi kwake mwakani,*
*Namuombea motoni,*
*Yeye mzigo kichwani.*

Kwenye "motoni" shehe aliacha kuvuta tasbihi. Mashemeji walisimama wote watano kwa pamoja, viti vikabaki vimewashika kiunoni kwa sababu vilikuwa vyembamba, wakawa wanavibandua huku wanamtazama Mjomba. Mjomba alikuwa anamtazama mkewe, ambaye ameinama kwenye mkoba wake akitafuta kitu ambacho najua hakikuwemo. Halafu wote wawili wakanitazama mimi.

Nilikuwa nimeshaelewa. Mashine ilipouona ukurasa wa 43 iliona safu mbili, kama gazeti. Na gazeti husomwa safu ya kwanza mpaka chini, ndipo unapanda kuanza ya pili. Ilisoma ukwapi wote, ikashuka mpaka mwisho, ndipo ikarudi juu kusoma utao. Sifa zote za Kukhu zilikuwa chini huko kwenye simu ya yule binti, salama salimini, zinasubiri zamu yao. Nilitaka kupaza sauti kwamba kuna utao. Koo likakataa.

Kukhu aliinua bakora.

"Rudia," akasema. "Huo wa kwanza."

Binti, sauti imeshuka: "Mkwe wangu ana choyo..."

"Asemaye ni muongo!" akajibu Kukhu.

Hema zima likageuka.

"Ni mkali hana moyo..."

"Neno hilo lina chongo!"

"Wageni huwapa mbiyo..."

"Wauulize mlango!" Na bakora ikaonyesha mlango wa nyumba yake, ambao kweli tangu asubuhi haukuwa umefungwa, kuku wawili walikuwa wanatoka humo ndani.

"Nakimbia zake nyayo..."

"Kuzifuata kwa lengo."

Kukhu hajui kusoma. Alisomewa shairi hilo miaka hiyo ya themanini, mara chache tu, na akalihifadhi lote. Walipofika ubeti wa pili watu walikuwa wanangoja kipande chake kama wanavyongoja kiitikio cha taarabu. "Kuku hachinji nyumbani..." "Mmoja, bali wawili!" Vigelegele. "Sirudi kwake mwakani..." "Nitarudi Jumapili!" Shemeji mkubwa akaketi. "Namuombea motoni..." Hapo Kukhu akanyamaza kidogo, makusudi kabisa, akamwacha Mjomba aungue sekunde tatu nzima, ndipo akasema polepole, "Chungu kisikose wali." Shehe akacheka mpaka akavua kofia. "Yeye mzigo kichwani..." "Wa dhahabu, lulu, mali!"

Walimaliza beti zote nne hivyo. Tatizo ni kwamba binti hakujua imekwisha. Faili ilikuwa bado ina maneno, naye ni mtoto mtiifu, akaendelea: "Asemaye ni muongo, neno hilo lina chongo, wauulize mlango..." mpaka chini, akamalizia kwa sauti ileile ya hisia, "Mashairi yangu, arobaini na nne," ambacho ni kichwa cha ukurasa unaofuata. Watu wakapiga makofi. Mzee mmoja nyuma yangu akasema hiyo sehemu ya mwisho ndiyo yenye falsafa.

Mjomba alinipata nyuma ya sufuria za pilau. Nilitegemea kofi. Badala yake alisimama akihesabu kwa vidole midomo ikicheza, nane, nane, nane, nane.

"Lingekuwa guni, lisilotimiza mizani, ningesema ni mashine," akasema kwa uchungu. "Hata guni si guni! Limetimia!"

Nilipokwenda kumuaga Kukhu, alinishika mkono akanivuta karibu. Alinuka halua na dawa ya kuchua.

"Wewe ndiye wa kompyuta?"

"Ndimi, Kukhu. Nisamehe."

"Yule kijana," akasema, akimwonyesha kwa kidevu Mjomba wa miaka sabini na moja, "mara ya kwanza alipokuja hapa kuposa, sikumchinjia kuku." Akaniachia mkono. "Nenda salama, mwanangu."

Ndani ya matatu sikulitilia maanani. Nilikuwa nafikiria jinsi ya kuirudia kazi nzima, maana Mjomba alikuwa ameshanipa wiki mbili na hakuniuliza kama zinatosha.

Usiku huo nilisoma jinsi wenzetu wanavyofanya. Michael Hart alianzisha Project Gutenberg, maktaba ya vitabu vya bure vya kompyuta, mwaka 1971 huko Marekani, na tangu mwaka 2000 kuna watu wa kujitolea wanaojiita Distributed Proofreaders wanaosahihisha vitabu vikongwe ukurasa mmoja mmoja, picha upande huu, maandishi upande ule, na ukurasa mmoja hupitiwa na mtu zaidi ya mmoja. Kuhakiki herufi ni zamu moja. Kuhakiki mpangilio ni zamu nyingine kabisa. Mimi nilikuwa nimefanya zote mbili kwa wakati mmoja, na kurasa kumi tu. Wakifika kwenye shairi wanalizungushia alama, mkwaju na kinyota mwanzoni, kinyota na mkwaju mwishoni, ili programu ijue hapo mistari isiunganishwe. Neno la mlazo, yaani la herufi zilizoinama, kwenye faili ya mwisho ya maandishi matupu huzungushiwa kistari cha chini kila upande, na nilipobandika ubeti mmoja WhatsApp kwa majaribio, WhatsApp nayo ikaulaza bila kuulizwa. Yale maneno ya Mjomba yaliyopotelewa na mistari yake niliyarudisha kwa mlazo. Alikubali baada ya siku mbili za kuuita "uvivu wa herufi".

Jambo lililonichukua muda ni mshororo wenyewe. Mizani kumi na sita haienei kwenye skrini ya simu ndogo. Unakatika popote, na utao unaanguka chini kama ndio mshororo mpya. Ikabidi kila mshororo uwe kitu chake, na kipande kinachoanguka kiingie ndani kidogo, ili msomaji ajue bado yuko kwenye mshororo uleule. Nililijaribu kwenye simu ya mhudumu wangu yenye kioo kilichopasuka. Ukisomeka pale unasomeka popote.

Nilikwenda vizuri mpaka ukurasa wa 43. Nilitaka kujua kwa nini kurasa nyingine zote zilisomwa sawa na huu peke yake ukasomwa kama gazeti. Nikaitoa karatasi yenyewe kwenye bahasha, nikaiweka mezani chini ya taa.

Kwenye kurasa nyingine ukwapi na utao vimetenganishwa na koma na nafasi moja. Kwenye huu kuna uwazi wa vidole viwili katikati. Nikachukua rula nikailaza chini ya mshororo wa kwanza. "Mkwe wangu ana choyo" ikakaa juu ya rula sawasawa. "Asemaye ni muongo" ilikuwa imezama nusu herufi chini ya rula. Nikashusha rula: vivyo hivyo. Nikashusha mpaka mshororo wa mwisho. Upande wa kulia wote, na ule wino wake wa kijivu, ulikuwa umeshuka nusu herufi, kama karatasi iliyotolewa kwenye mashine, ikakaa mahali, ikarudishwa siku nyingine.

Nikakumbuka kuku.

Nikampigia simu. Ilikuwa saa tano asubuhi.

"Mjomba, shikamoo. Ukurasa wa 43 uko mbele yangu."

"Marahaba. Umeupanga?"

"Naupanga. Nilitaka kujua tu. Utao uliupiga lini?"

Kimya. Nilisikia jogoo kwake, na redio ya jirani.

"Mpwa wangu," akasema, "stima imepotea huku." Akakata simu.